Jina la Mama Juu ya Kitabu



Muda wa kuandika kazi za mwisho wa masomo umefika tena. Tunatafuta pesa ya karatasi na ya kuchapisha, tunaombea watoto. Lakini tuulize pia: binti ataandika jina gani juu ya kazi yake?

Tumtazame Clémentine Nzuji. Alizaliwa mwaka 1944 huko Tshofa, leo ni jimbo la Lomami, jirani zetu. Alitunga mashairi, akachunguza lugha na mafumbo ya Waluba, kisha akafundisha kwenye iniversite ya Louvain, Ubelgiji. Vitabu vyake vya kwanza vina jina Clémentine Nzuji. Mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo, naye akaandika kama Nzuji Madiya. Baadaye akawa Faïk-Nzuji. Mwanafunzi akiingia biblioteki na jina moja tu, atapata kipande cha kazi yake, atafikiri ndiyo yote.

Wanaume nao walibadilisha majina wakati ule. Lakini sisi tunaongezewa badiliko la ndoa. Tena, katika maandishi ya elimu mtu anatajwa kwa jina la ukoo tu: "Omari anasema." Omari ni baba ama ni mama? Wengi wanafikiri ni baba. Ndivyo mwanamke anavyopotea, hata kama hakuna aliyemfukuza.

Na wale wamama wa kijijini wanaoulizwa juu ya dawa za miti, methali na mashamba? Elimu yao inaingia kitabuni, wao wanabaki "watu wa kijiji".

Basi, tufanye hivi. Binti achague jina moja, lile la diploma yake, aandike na jina lake la kwanza lote, si herufi moja. Akiolewa, aendelee nalo katika maandishi yake. Bwana asikasirike: jina hilo si dharau kwa nyumba yake, ni njia ya watu kumpata mke wake. Na kila mwanafunzi, wa kike na wa kiume, awaombe ruhusa wamama waliomfundisha, kisha awaandike kwa majina yao.

Mama mwenye mtoto anayeandika sasa, umuulize leo jioni, mbele kazi haijachapishwa.

Tuonane wiki ijayo.