Makinikia si mchanga!

Wadau, leo naweka programu kando niseme jambo linalonikera. Tunapigania madini bila kutaka kujua kemia yake, halafu tunashangaa tukipigwa chenga.

Mnakumbuka Tanzania mwaka 2017? Mwezi Machi serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje, makontena 277 yakazuiliwa Dar es Salaam. Mwezi Mei kamati ya Profesa Mruma ikasema kila tani ina wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Acacia, wenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wakakataa katakata. Mitaani kitu chenyewe kiliitwa "mchanga" tu.

Mchanga gani huo? Mwamba husagwa ukawa kama unga, ukachanganywa na maji na kemikali iitwayo zanthati. Molekuli yake ina pande mbili: mmoja hushika punje yenye shaba na salfa, mwingine hukimbia maji. Hewa ikipulizwa, punje hizo hung'ang'ania mapovu na kupanda juu pamoja na dhahabu iliyomo. Mawe ya bure hubaki chini. Povu likikusanywa na kukamuliwa maji, hayo ndiyo makinikia. Kwa lugha yetu ya kompyuta, uso wa punje ndio kiolesura: kazi yote hufanyika pale. Udongo laini mno, ule wa kikoloidi, ukifunika punje, povu halishiki kitu na dhahabu inaondoka na mabaki.

Najua mtasema tufunge kamera na programu. Kamera za kusoma mapovu zipo, na kuziandikia programu ningefurahi. Lakini programu itakwambia povu limebadilika. Kama tatizo ni chokaa, udongo au maji, anajua mwenye kemia yake.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Dhahabu iliyoingia kiwandani lazima ilingane na iliyotoka: ya makinikia, ya mikuo iliyoyeyushwa palepale mgodini, na ya mabaki. Isipolingana, uliza. Hapo ndipo mwizi hukamatwa, na hapo ndipo asiye mwizi husafishwa jina. Kelele hazifanyi lolote kati ya hayo mawili.

Tanzania walimaliza kwa mkataba wa Januari 2020: kampuni ya Twiga, serikali asilimia 16, Barrick 84. Sisi wa Lwakhakha tusicheke, Kakamega si mbali. Dhahabu ya huko Acacia waliitafuta pia, na mwaka 2020 Barrick wakauza mradi kwa Shanta Gold. Iwe kwa povu au kwa njia nyingine, swali ni lilelile: maabara gani ya umma itapima, na hesabu zitabandikwa wapi tuzisome? Tuulize sasa, kabla ya kontena la kwanza.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la madini limeandikwa kwa kemia. Unayepinga, lete hoja!