Tukifika Lushoto, Tufike na Vuga

Wengi wetu wa Southall tumerithi Kiswahili cha jikoni. Bibi zetu waliotoka Nairobi na Kampala walitufunza kusema sufuria, kisu na "haraka!", historia hawakutufunza.

Sasa chama chetu kinapanga safari ya Lushoto, na mipango yote ni kupanda milima ya Usambara na kupiga picha Irente. Twende, lakini hiyo haitoshi. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal. Kabla yao ukoo wa Wakilindi ulitawala Usambara kutoka Vuga, na Abdallah bin Hemedi aliandika habari zao kwa Kiswahili. Tukisome kwanza kitabu chake, Habari za Wakilindi, kisha twende Vuga tukawasikilize wazee. La sivyo tutarudi na picha nzuri, na Kiswahili chetu kitabaki jikoni.