Uchovu wa Misuli: Tutegemee Chakula au Makopo ya Poda?

Siku hizi madukani huuzwa poda, vidonge na vinywaji vinavyosemekana kuondoa uchovu wa misuli baada ya mazoezi. Vingi hupambwa kwa neno "asilia". Miongoni mwa wanunuzi wamo vijana wa shule za sekondari wanaojiandaa kwa mashindano, na wako wanaotumia fedha za chakula kwa ununuzi huo. Maoni yangu ni kwamba kijana afanyaye hivyo hujidhuru mara mbili: hupoteza fedha, na huunyima mwili kile hasa unachokihitaji. Ili tuelewane, yafaa kwanza tuuchunguze uchovu wenyewe.

Msuli ufanyapo kazi nzito kwa muda mrefu hutumia sukari iliyohifadhiwa ndani yake katika umbo la glaikojeni. Mwaka 1966 wanasayansi wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walilionyesha jambo hili kwa kuitumia miili yao wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya maabara, kila mmoja akaikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa, huku mguu wa pili ukipumzika. Kisha walitoa vipande vidogo vya misuli kwa sindano na kuvipima. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umekwisha glaikojeni. Baada ya kula vyakula vya kabohaidreti kwa siku tatu, mguu huo ulikuwa na akiba ipatayo maradufu ya ule uliopumzika. Msuli uliochoka, basi, huwa na njaa ya kabohaidreti, na njaa hiyo huondolewa na chakula cha kawaida.

Maumivu ya siku inayofuata ni jambo jingine. Wengi tulifundishwa kuwa husababishwa na asidi ya laktiki iliyobaki msulini, na bidhaa nyingi hudai kuwa "huisafisha". Ushahidi haukubaliani na fundisho hilo. Laktiki hurudi katika kiwango chake cha kawaida muda wa saa moja hivi baada ya mazoezi, ilhali maumivu hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Tena, kukimbia kuteremka mlima huleta maumivu makali kuliko kukimbia tambarare, ingawa laktiki inayozalishwa ni kidogo. Chanzo chake ni nyuzi za msuli kuumia kidogo pale zinapovutwa huku zimekaza. Jeraha hilo hutengenezwa na mwili wenyewe kwa kupumzika, usingizi na protini. Naomba walimu wenzangu wasahihishe jambo hili darasani.

Je, wanariadha mashuhuri hula nini? Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji kumi hodari wa Kenya wakiwa katika kambi ya mazoezi. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na kabohaidreti, nao ugali ndio uliotoa sehemu kubwa zaidi kuliko chakula kingine chochote. Walikunywa maji na chai ya maziwa. Nyongeza za madukani hawakutumia.

Sisemi kwamba mimea haina faida. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, na kuwalinganisha na wengine waliopewa vidonge visivyo na tangawizi. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi mazito yalipungua kwa robo hivi. Hilo ni jambo la kutia moyo, lakini kupungua kwa maumivu si sawa na kupona kwa msuli. Isitoshe, tangawizi hiyo tunaipata sokoni kwa bei nafuu bila kuhitaji kopo lenye picha ya mtu mwenye kifua kipana.

Hatari kubwa imo katika yale yasiyoandikwa juu ya kopo. Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima nyongeza 634 zilizonunuliwa katika nchi mbalimbali. Katika 94 kati ya hizo, yaani karibu asilimia 15, zilikutwa homoni zilizokatazwa michezoni, ambazo hazikutajwa kwenye maelezo ya bidhaa. Kijana aliyenunua kwa nia njema angeweza kufungiwa kushiriki mashindano, na zaidi ya hayo kuvuruga ukuaji wa mwili wake.

Tufanye nini basi? Kwanza, shule zitazame upya saa za kula. Mwanafunzi akimbiaye alasiri na kukaa na njaa mpaka usiku huipoteza nafasi ambayo misuli yake iko tayari kupokea chakula. Mwenye uzito wa kilo 50 ahitaji gramu 50 hivi za kabohaidreti mapema baada ya mazoezi mazito, kiasi kipatikanacho katika robo kilo ya viazi vitamu vilivyochemshwa. Nusu lita ya maziwa humpa gramu 16 hivi za protini. Pasipo maziwa, maharage, karanga na dagaa hufaa sana. Aongeze maji ya kutosha na usingizi.

Pili, mwalimu wa sayansi na mwalimu wa michezo washirikiane. Wanafunzi walete matangazo ya bidhaa hizo darasani, kisha waulize: Imepimwa kwa watu wangapi? Ililinganishwa na nini? Nani aliyegharimia upimaji? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza maswali hayo hatadanganywa kwa urahisi na muuzaji wa poda, wala na muuzaji wa kitu kingine chochote.