Ngiri Si Busha

Katika sehemu nyingi za mwambao wetu, uvimbe wa kinena na wa korodani huitwa mshipa, bila kutofautisha aina zake. Mazoea hayo yana hatari. Busha ni maji yaliyojikusanya, mara nyingi kutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ngiri ni utumbo uliopenya penye udhaifu katika ukuta wa tumbo. Mwenye busha aweza kuishi nalo miaka mingi. Bali utumbo ulionaswa katika ngiri hukosa damu, ukaoza katika muda wa saa chache.

Kwa mkazi wa delta ya Rufiji, ambaye safari yake hungoja maji kujaa, saa hizo huisha kabla hajafika Kibiti au Utete. Kwa hiyo ngiri yapasa kupasuliwa mapema, ingali ikirudi ndani mgonjwa alalapo.

Gharama nayo yapungua. Utafiti wa Uganda kwa wanaume 302, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa wavu wa aina ya chandarua, uliotakaswa kitaalamu, ulikaribiana kwa ufanisi na ule ghali wa kiwandani. Elimu hiyo na upasuaji huo viwafikie wananchi wa Rufiji.