Mapya, safi, ya Ruzizi: tupime maneno ya sokoni



Vyakula vingi tunavyonunua kule Kadutu havina etiketi. Etiketi ni mdomo wa mwenye kuuzisha: “Mama, kuja, maharagi mapya!” “Mawese safi, haina maji!” “Mchele wa Ruzizi huu!” Maneno hayo yana bei yake, na tunailipa mbele ya kuona kitu kwenye sufuria.

Tuanze na maharagi. Yakikaa muda mrefu penye joto na unyevu yanakuwa magumu, unachemsha kutwa hayaivi. Hasara haiko kwa maharagi peke yake, iko kwa makala. Mama amehesabu makala ya siku moja, saa mbili ya usiku bado anapuliza moto, na watoto wamekwisha kulala njaa.

Kwa hiyo angalia ganda. Mapya yanang’aa, rangi yake iko wazi. Ya zamani yamefifia au yameanza kuwa meusimeusi. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia, maana yale mazuri yanapangwa juu. Ukiona vitundu vidogo vya duara, wadudu wamekwisha kupita. Kuloweka usiku kucha kunasaidia, lakini yaliyozeeka sana hayasikii maji. Na kama kikundi chenu cha AVEC kinataka gunia zima, msilipe siku hiyo. Nunueni kipimo kimoja, mmoja wenu apike nyumbani, kesho mrudi. Mwenye maharagi mapya kweli hatakasirika. Akikasirika, mmekwisha kupata jibu.

Sasa mchele. Maandishi ya gunia hayana maana tena gunia likiisha kufunguliwa. Magunia matupu yanauzishwa kama kitu kingine, na kila mtu anatia ndani anachotaka. Tazama mshono: ule wa kiwandani umenyooka, ni wa mashine, wa mkono unapinda na uzi wake ni mnene. Lakini tusimwite kila mtu mwizi. Hata mchele wa wakulima wetu wa uwanda wa Ruzizi unaweza kufika katika gunia lililotumika. Lipa bei ya mchele unaouona, usilipe bei ya jina lililochapwa. Mimina kidogo kwenye kiganja: wa kwetu mara nyingi una chembe zilizovunjika, pengine nyekundu moja moja, na vijiwe vya kuchagua. Ule mweupe sana wenye chembe sawasawa, ukiitwa wa Ruzizi, uliza umetoka kinu gani.

Mawese ni rahisi. Acha chupa itulie, utazame kitako chake, kwani maji yanakaa chini ya mafuta. Nyumbani, kijiko kimoja kwenye sufuria ya moto kitakuambia: mawese yenye maji yanalia na kuruka. (Kuhusu asali, lile jaribio la njiti ya kiberiti wengi wanaliamini, mimi hapana. Asali iliyochanganywa na sukari inaweza kulipita vizuri kabisa.)

Kipimo nacho ni etiketi. Mironko iliyobonyezwa kitako kwa ndani inapunguza chakula hata ikijazwa mlima juu. Igeuze uione, mbele ya kupimiwa, bila kugombana.

Kwa maziwa ya kopo ya mtoto, usikubali tarehe iliyobandikwa karatasi juu yake au iliyokwaruzwa, hata kama bei imeshuka nusu. Kwenye makopo ya Kifaransa tarehe iko karibu na maneno “à consommer avant”. Kwenye yale yanayotoka upande wa Kenya au Uganda, tafuta “EXP”. Maziwa ya unga yanayopimwa kwa kijiko katika kifuko hayana tarehe yoyote. Hayo mtoto mchanga asipewe.

Ukikuta kopo la namna hiyo, lipeleke kwa mkubwa wa soko. Bidhaa zinazotoka inje ni kazi ya OCC pia, ofisi ya serikali ya ukaguzi iliyoanzishwa mwaka wa 1974. Muende wawili au watatu, na kopo mkononi.

Na ninyi wamama wauzishaji mlio kati yetu, jaribuni jambo moja juma hili: marundo mawili ya maharagi, ya mavuno haya na ya mavuno yaliyopita, kila moja na kartoni yake na bei yake. Wako watakaonunua ya zamani wakijua, kwa kusagisha unga.