Anayepinga faini aende wapi?



Kulipa faini ya trafiki Tanzania si kazi: unaingiza namba ya gari kwenye simu, deni linatokea, unapata kontroo namba, unalipa 30,000 (bodaboda na bajaji 10,000 tangu 2021, na walistahili nafuu hiyo) unaondoka. Lakini asiyekubali kosa? Ana haki ya kusikilizwa na hakimu, ila mara nyingi hajui ni mahakama gani, lini, wala faili liko kwa nani. Dereva wa daladala anayedaiwa hesabu ya tajiri jioni atazunguka korido saa ngapi? Analipa tu, hata kama alipita taa ikiwa kijani. Karatasi ya faini iandikwe mahakama na tarehe, na deni lisimame mpaka hakimu aamue.

Dereva, Dar es Salaam