Kifaa Kinusacho na Kifaa Kidanganyacho

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Katika elimu ya kutambua vilipuzi msemo huo hugeuka: king'aacho hakitishi; hatari hujulikana pale mng'ao unapofifia.

Mwaka 1998, Timothy Swager na Jye-Shane Yang wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu polima ambayo ikimulikwa hutoa mwanga wake yenyewe. Polima ni mnyororo wa molekuli ndogo ndogo zilizounganishwa. Molekuli ya TNT nayo ina uchu wa elektroni. Ikitua juu ya mnyororo huo hunyakua elektroni iliyosisimuliwa na mwanga, na mng'ao ukazimika. Lau kila kiungo kingeng'aa peke yake, TNT moja ingezima kiungo kimoja tu, na nani angetambua? Lakini nishati husafiri kutoka kiungo hadi kiungo, mithili ya maji katika mfereji wa shambani: tundu moja hunyima maji vitalu vingi. Kutokana na polima za aina hiyo kiliundwa kifaa kiitwacho Fido, jina la mbwa, ambacho wanajeshi wa Marekani walikitumia nchini Iraki.

Katika Iraki hiyohiyo kulikuwa na kifaa kingine, ADE 651: mpini wa plastiki wenye antena, usio na betri wala chochote cha kunusa. Muuzaji wake, Mwingereza James McCormick, alidai kwamba hutambua vilipuzi kutoka mbali, na serikali ikakinunua kwa mamilioni ya dola. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miaka 10. Ajabu ni kwamba vifaa hivyo vilibaki vizuizini hadi Julai 2016, mlipuko wa Karrada, Baghdad, ulipoua mamia ya watu. Ndipo waziri mkuu akaamuru viondolewe.

Kilichovitenga vifaa hivi viwili si bei wala umbo, bali maelezo. Fido huweza kuulizwa kinavyofanya kazi, na jibu likatolewa hatua kwa hatua pamoja na mipaka yake: polima ile ya awali iliundiwa TNT na jamaa zake, si bomu la mbolea. ADE 651 haikuwa na jibu ila majigambo, na askari aliyeishika hakuwa na elimu ya kuyapima.

Nairobi, iliyolipuliwa kwa bomu lenye TNT tarehe 7 Agosti 1998, haina sababu ya kuwacheka Wairaki. Mlinzi wa lango la duka kubwa hupitisha kigunduzi cha metali mwilini mwa mteja. Chombo hicho hutambua chuma. TNT hakiinusi hata chembe. Ni walinzi wangapi waliokwisha kuelezwa hayo kwa lugha waifahamuyo barabara?

Wapo wasomi washikiliao kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Polima, molekuli na elektroni zimo tayari. Kilichokosekana ni wa kuketi na kueleza. Kifaa chochote kinunuliwacho kwa ajili ya malango ya umma na kije na maelezo ya Kiswahili, yakianza na orodha ya vitu ambavyo hakiwezi kuvitambua.